Mashine ya kodi ina pindo, mkasi anao nani?

Kaptula au sketi ya kwanza ya shule kila mtu anaikumbuka. Mama alikupeleka kwa fundi, fundi akavuta futi yake, akapima, akaandika kwenye kipande cha boksi la sigara. Kabla hamjaondoka mama akageuka na kutoa amri moja tu: "Fundi, acha pindo!" Pindo likaachwa, inchi tatu au nne. Ulipofika darasa la tatu, miguu mirefu kama korongo, mama alifumua uzi, akashusha pindo, akapiga pasi ya mkaa, maisha yakaendelea. Yule ambaye mama yake hakutoa amri hiyo alinunuliwa sare nyingine, au alikwenda shule mapaja nje.

Mpenzi msomaji, lishike hilo pindo vizuri, maana wiki hii naongelea kodi. Ngoja, usikimbilie ukurasa wa nyota zako! Najua neno lenyewe linakata stimu. Ukisikia kodi, kichwani inakuja ya chumba pale Sinza na mwenye nyumba anayegonga mlango tarehe moja asubuhi. Siyo hiyo. Naongelea kodi ya serikali, na ile programu ya kompyuta inayokaa nyuma ya pazia ikikokotoa wewe ulipe shilingi ngapi.

Na wala sianzii Kariakoo. Naanzia kwetu Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma, ambako asubuhi ukungu unakuja mpaka kizingitini na jirani anakusalimia "mwakeye" kabla hajaonekana sura. Baba ni mtu wa Kasulu, mama wa Kibondo. Kwa hiyo nina haki ya kuzisema wilaya zote mbili bila kuombwa kitambulisho.

BABU ALIKUWA NAMBA

Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898. Wakaja Waingereza na kodi ya kichwa. Kule Buha wakusanyaji walikuwa watawala wetu wenyewe, mwami na watware wake. Taabu ilikuwa moja: kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha kule milimani ilikuwa adimu. Ukiwa na maharage, muhogo na ndizi utashiba, ila mtware hapokei ndizi.

Basi vijana wa Kiha wakashuka kwenda kutafuta shilingi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ikiitwa SILABU, na Kasulu na Kibondo zikawa kisima chao kikubwa. Ukiandikishwa unapewa namba. Ndiyo asili ya lile neno tunalotaniana nalo mpaka leo, manamba.

Babu yangu mzaa baba alikwenda mkonge mara mbili. Alirudi na blanketi, sufuria, kovu la mwiba wa mkonge mkononi, na stakabadhi za kodi alizozifungia kwenye kopo la bati. Kopo hilo lilitunzwa kuliko picha za harusi. Mtu asiye na stakabadhi hakuwa mtu, alikuwa mkimbizi ndani ya kijiji chake.

Ukitazama kwa jicho la leo, kodi ya kichwa ilikuwa programu rahisi kupita zote: kichwa kimoja, kiasi kimoja. Mwenye ng'ombe hamsini na mwenye jembe moja wote vichwa. Haikuwa na pindo hata la nusu inchi.

Baada ya uhuru mambo yakabadilika, lakini miaka ya 80 ikarudi nyingine, kodi ya maendeleo. Nyie mliozaliwa juzi hamuijui, muulizeni dingi. Miaka ya 90 nilikuwa mdogo, na picha niliyobaki nayo ni wanaume wazima, baba za watu, wakitoka kulala porini alfajiri na umande kwenye suruali. Mgambo walikuwa wanapita usiku. Siku ya soko ndiyo kasheshe kamili: kamba inafungwa njiani, toa risiti! Huna, unakalishwa chini kwenye vumbi, mkeo na mkweo wanapita na vikapu wanakutazama. Hakuna aliyeuliza mwaka huo ulivuna nini. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, na kule kwetu wapo wazee wanaoukumbuka mwaka huo kama wanavyoukumbuka mwaka wa mvua nzuri.

PROGRAMU INASHONWAJE?

Haya, tuingie kwenye kompyuta. Msiogope, nitakwenda taratibu kama basi la Kibondo enzi za vumbi.

Programu ya kodi inaweza kushonwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza, viwango vinashonewa humo humo tumboni. Asilimia ngapi, mlipaji wa aina gani, mwisho wa kulipa tarehe ngapi, vyote vimezamishwa ndani na mtaalamu aliyeitengeneza. Bunge likibadili kiwango mwezi Juni, mtaalamu lazima atafutwe popote alipo duniani. Afumue, ashone, ajaribu, halafu alipwe kitita chake.

Namna ya pili, viwango vinawekwa pembeni, kwenye majedwali. Programu ikitaka kukokotoa, inakwenda kusoma jedwali. Bunge likibadili kiwango, ofisa mwenye ruhusa anafungua jedwali, anafuta namba ya zamani, anaandika mpya, anaweka tarehe ya kuanza. Kwisha habari. Hiyo ndiyo programu yenye pindo.

Mfano upo. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ilianza nchini Julai 1998 kwa asilimia 20. Mwaka 2009 ikashushwa hadi asilimia 18. Kiwango cha kawaida Bara ni 18, Zanzibar ni 15. Kila badiliko kama hilo kwa programu isiyo na pindo ni kufumua nguo nzima. Kwa yenye pindo ni kubadilisha tarakimu mbili.

TRA yenyewe ilianza kazi Julai 1996. Mfumo wake wa ITAX ulitengenezwa kwa msaada wa GTZ, shirika la misaada la Wajerumani. Usiuchanganye na iTax ya jirani zetu Kenya, ile ni nyingine. Huu wa kwetu ulianzia hapa Tanzania, na baadaye ukavuka bahari mpaka Ufilipino. Kwa hiyo siyo kila kitu cha kompyuta tunapokea makombo. Na ona mambo ya dunia: Wajerumani waliotuanzishia kodi ya nyumba mwaka 1898, miaka mia baadaye wajukuu zao wanatusaidia kuikokotoa!

KASULU MOJA, HALMASHAURI MBILI

Kule wilayani pindo linahitajika kuliko hata mjini. Ukiacha kodi za TRA, kila halmashauri ina sheria zake ndogo: ushuru wa soko, ushuru wa mazao, ada hii na ada ile. Kasulu peke yake ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo na Buhigwe ikamegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Kwa maana hiyo unaweza kupakia mkungu wa ndizi asubuhi, na kabla jua halijawa kali umeshapita chini ya sheria ndogo za aina tatu.

Sasa serikali haiwezi kushona programu mpya kwa kila halmashauri, fedha zitatoka wapi? Ndiyo maana ukaja mfumo mmoja wa mapato kwa halmashauri zote, LGRCIS, na kila halmashauri inajaza viwango vyake. Siku hizi umekuja TAUSI wa TAMISEMI, ambao unaombea leseni ya biashara ukiwa umelala kitandani na simu yako. Tangu 2017 malipo ya serikali yanapita kwenye mfumo wa GePG, ndiyo ile kontrol namba unayoijua mpaka kwenye ndoto. Na sokoni, yule mkusanyaji aliyekuwa na kitabu cha stakabadhi chenye nakala ya kaboni, sasa ana mashine ya POS shingoni.

Wapo wanaoicheka mashine hiyo. Mimi siicheki. Kitabu cha kaboni kilikuwa na ujanja wake: mlipaji anaandikiwa elfu tano, nakala inabaki na elfu moja, elfu nne inakwenda kunywa bia. Mashine imeziba tundu hilo kwa kiasi kikubwa. Siyo lote, jamani, ripoti za CAG zimerudia kutaja mashine zisizoonekana hewani na makusanyo yasiyofika benki. Ila afadhali.

Shida nyingine ilikuwa umeme. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo ziliwashwa kwa jenereta za mafuta. Gridi ya taifa iliingia mwaka 2022. Kabla ya hapo umeme ukikatika betri ya POS inazima, mkusanyaji anakaa chini ya mwembe kama mpiga ngoma aliyepasukiwa na ngoma.

MASHINE IMESEMA

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Juni 2017 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, mtoto wa Buhigwe huko huko kwetu, alisoma bajeti iliyoshusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5. Ikaongezwa neema nyingine: mzigo wa mazao usiozidi tani moja, ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine, usitozwe ushuru huo. Kule kwetu habari hiyo iliingia kwa redio na ikafika hadi vilabuni. Mwenye gunia tano akajiona naye ni mfanyabiashara.

Mwishoni mwa mwaka huo nilikuwa nahangaika na biashara ya maharage. Nikakusanya Makere gunia tisa za kilo mia mia, nikaomba lifti ya kulipia kwenye Fuso, tukapita Kibondo, tukapita Kakonko, safari ya Kahama. Njiani tukakuta geti. Geti lenyewe silitaji wala halmashauri yake siitaji, ila halikuwa la wilaya zetu hizi.

Mbele yangu alikuwapo mama mmoja na gunia mbili za karanga juu ya baiskeli, kijana wake akisukuma. Kijana wa geti akabonyeza mashine, karatasi ikatoka. Mama akafungua fundo la kanga, akahesabu, akalipa. Hakuuliza neno. Wakaondoka.

Ikawa zamu yangu.

"Kaka, gunia ngapi?"

"Tisa, mdogo wangu. Kilo mia tisa, hazifiki tani. Kwa hiyo ushuru hapo hakuna."

Akabonyeza. Kioo kikaonyesha elfu thelathini na ushee.

"Mdogo wangu, sheria ya mwaka huu inasema chini ya tani..."

"Kaka, mimi sijui mambo ya sheria. Mashine ndiyo imesema."

Nikanyamaza kidogo. Mgambo wa miaka ya 90 ungeweza kumwambia "afande, jana nimefiwa", na pengine angekuachia, au angekula chako mezani na kukuacha. Mashine utaiambia nini? Kijana mwenyewe hakuwa mbaya. Alikuwa na heshima zake, shati limenyooshwa, na aliamini kabisa kwamba kilicho kwenye kioo ndiyo sheria yenyewe.

Dereva wa Fuso akaanza kupiga honi. "Bosi, lipa tuondoke, unatuchelewesha!" Nikagoma.

Bahati nzuri ndani ya kibanda alikuwamo mama mmoja mhasibu, mtu mzima, miwani kwenye kamba. Akatoka, akasikiliza pande zote mbili, akaishika mashine, akapekua. Akasema, "Mwanangu, unachosema ni kweli. Humu ndani hawajaiweka hiyo ya tani moja." Akapiga simu makao makuu. Akaambiwa subiri. Tukasubiri, dereva akininunia, kwa muda wa dakika arobaini. Halafu simu ikalia, kijana akazima mashine akawasha, akaingiza tena gunia tisa, kilo mia tisa. Kioo kikaleta sifuri.

Mashine ile ile! Hakuna fundi aliyekuja, hakuna waya uliokatwa. Mtu mmoja ofisini, ambaye sura yake sijaiona mpaka leo, alifungua jedwali akajaza mstari mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa pindo ni kitu gani, kwa faida yake na kwa hatari yake.

Faida ni kwamba dakika arobaini zilitosha kuifanya mashine itii sheria. Hatari ni kwamba sheria ilikuwa imeanza kazi tangu Julai na jedwali lilikuwa limelala miezi yote hiyo. Waliopita wangapi? Yule mama wa karanga alikuwa ameshakata kona. Nilimtafuta kwa macho mpaka tukatoka pale, tulipompita barabarani nikamwomba dereva asimame, akakataa, tulishachelewa. Nilimpungia mkono tu, naye akanipungia akidhani namsalimia. Elfu thelathini yangu ilikuwa mfukoni, raha sikuwa nayo.

ANAYEJAZA JEDWALI

Mwaka 2021 wote mliona jinsi jedwali linavyoweza kwenda mbio likitakiwa kwenda mbio. Tozo ya miamala ya simu ilianza tarehe 15 Julai, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi unachotuma au kutoa. Watu wakapiga kelele. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na mwaka 2023 ile ya kutuma ikafutwa. Katika miaka miwili ile, kompyuta zilifuata kila badiliko. Sasa mbona ya kukata inaingia usiku huo huo, na ya kusamehe gunia tisa inasahaulika miezi mitano?

Ndiyo maana sikubali ninaposikia wasomi wa mjini wakisema tukishapata mfumo wa kisasa basi tumemaliza. Mfumo unaogeuzika ni mzuri kuliko usiogeuzika, hapo sibishi. Lakini ukishaacha pindo, lazima ujulikane mkasi anao nani. Kwa mawazo yangu mambo ni matatu.

La kwanza, mwenye ruhusa ya kufungua jedwali awe mtu anayejulikana kwa cheo chake, na wasiwe wengi. La pili, mfumo uandike wenyewe nani kabadili nini, lini, kwa sheria ipi, ili mkaguzi akija asisimuliwe hadithi. La tatu, na hili ndilo la sisi walalahoi, jedwali lililomo kwenye mashine libandikwe ukutani sokoni, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama wa karanga anaweza kuzisoma bila miwani. Shule zinabandika matokeo, zahanati zinabandika siku za kliniki. Geti linashindwa nini kubandika viwango?

NA WEWE WA MJINI

Usidhani nawasimulia hadithi za milimani. Kijana mwenye saluni Kasulu na mwenye saluni Manzese wako kwenye jedwali moja la TRA. Kwa viwango vilivyopitishwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyetunza kumbukumbu alipangiwa shilingi 100,000. Anayetunza, asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4.

Piga hesabu. Umeuza milioni 5 kwa mwaka. Huna daftari, laki moja. Una daftari, asilimia 3 ya milioni moja, yaani elfu thelathini. Daftari la elfu mbili limekuokolea elfu sabini! Hapo jedwali limekupendelea wewe, ila linampendelea anayelijua. Nina binamu Kibondo anayeuza vipodozi. Nilipomweleza habari hii alinitazama kama ninamuuzia dawa ya mapenzi. Siku hizi daftari lake linalala chini ya mto.

Shangazi yangu wa Kasulu, ambaye amezaa, amezika na ameuza muhogo miaka arobaini, ana staili yake. Akipewa karatasi ya POS haifungii kwenye kanga. Anamrudishia mkusanyaji na kumwambia, "Mwanangu, nisomee." Kijana anasoma: jina la zao, kiasi, kiwango, jumla. Shangazi anamuuliza, "Hicho kiwango kimeandikwa wapi?" Vijana wa soko walianza kumkwepa. Halafu wakazoea. Sasa wanajibu kabla hajauliza, na wengine wamejifunza sheria ndogo za halmashauri yao kwa sababu ya mwanamke mmoja asiyemaliza darasa la nne.

Kwa hiyo wiki hii kazi yenu ni nyepesi. Ukipewa risiti, iwe ya duka, stendi au soko, usiikunje kutengeneza kijiti cha meno. Soma kiwango. Kisha uliza kimeandikwa wapi. Ukijibiwa kwamba mashine imesema, mwambie kwa upole kabisa kwamba mashine haijasoma bungeni.

Tuonane wiki ijayo panapo majaliwa.